Ukingo wa Bwawa Dogo: Tuta la Udongo, Maji ya Starehe na Afya ya Jirani

Buzebazeba ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Kigoma Ujiji, mji ambao maisha yake yote yamefungamana na maji. Ziwa Tanganyika, la pili duniani kwa kina, lipo karibu. Mto Luiche unamwaga maji yake ziwani kusini mwa Ujiji. Mvua huanza kunyesha Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mtu asiye mwenyeji anaweza kuuliza: mahali palipojaliwa maji kiasi hiki, kuna haja gani ya mtu kujitengenezea bwawa?

Haja zipo nyingi. Mmoja anataka kufuga perege na bata. Mwingine anataka maji ya bustani wakati wa kiangazi. Wa tatu anataka mahali pa kupumzikia wageni, watoto waogelee na watu wazima wakae kivulini. Njia iliyo rahisi ni moja: kuziba kijibonde kwa tuta la udongo, kisha kusubiri mvua. Hakuna saruji nyingi wala mitambo mikubwa. Kwa msimu mmoja tu kiwanja kilichokuwa na majani kinakuwa na maji yanayometameta.

Makala haya yanaeleza jinsi bwawa la namna hiyo linavyohusiana na afya ya mwenyewe, wageni wake na majirani zake. Hoja yetu kuu ni kwamba usalama wa bwawa dogo hauamuliwi na ukubwa wake wala na weupe wa maji yake, bali na hali ya ukingo wake: ukingo ambapo maji hukutana na nchi kavu, na ukingo wa udongo unaoyazuia yasiende. Konokono huishi ukingoni. Mbu hutaga ukingoni. Mtoto huteleza ukingoni. Na tuta likikatika, huanza kukatika ukingoni.

Kichocho: mzunguko unaohitaji mtu, konokono na maji

Bwawa jipya lililojaa maji ya mvua halina kichocho. Konokono wanaofika humo, wakibebwa na mafuriko, na majani au na miguu ya ndege, nao peke yao hawana madhara. Ugonjwa huingia bwawani siku mtu mwenye minyoo ya kichocho anapojisaidia ndani ya maji au karibu nayo, au mvua inapokokota kinyesi kutoka kichakani. Kwa hiyo kichocho si ugonjwa wa konokono wala si ugonjwa wa maji. Ni ugonjwa wa watu unaopitia kwa konokono na majini.

Minyoo hii iligunduliwa na Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851. Katika Afrika Mashariki kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni kichocho cha mkojo, ambacho mayai yake hutoka kwa njia ya mkojo na kusababisha mkojo wenye damu. Ya pili ni kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hutoka kwa haja kubwa. Kichocho cha tumbo kipo katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hata nyani wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, wamekutwa na watafiti wakiwa nacho.

Yai likifika katika maji baridi yasiyo na chumvi huanguliwa na kutoa kijidudu kinachoogelea kutafuta konokono wa aina yake. Kikimpata, humwingia na kuzaana ndani ya mwili wake. Baada ya wiki 4 hadi 6 hivi, konokono huyo huanza kutoa vijidudu vyenye mkia, mamia au hata maelfu kwa siku. Hivi ndivyo vinavyomwambukiza binadamu. Hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote, kwa dakika chache, wakati mtu anaogelea, anafua, anavua au anavuka maji kwa miguu mitupu. Vijidudu vya kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi mchana wakati wa jua kali, yaani saa zilezile ambazo watoto hupenda kuingia majini na wageni hufika kustarehe.

Ipo sababu ya bwawa dogo kuwa makazi mazuri ya konokono kuliko pwani ya ziwa inayopigwa na mawimbi. Konokono hawa hupenda maji yaliyotulia, yenye kina kifupi, yenye matope laini na majani ya kushikilia na kula. Mtu anapolizuia bonde kwa tuta, anatengeneza mahali pa namna hiyo hasa. Duniani somo hili limejifunzwa kwa gharama kubwa. Nchini Senegal, baada ya bwawa la Diama kukamilika mwaka 1986 karibu na mdomo wa mto Senegal, maji ya chumvi yalizuiwa yasipande na mtiririko ukabadilika. Mwaka 1988 kichocho cha tumbo kilionekana katika mji wa Richard-Toll, na katika miaka michache kikawa kimeenea kwa sehemu kubwa ya wakazi. Bwawa lile ni kubwa na la Buzebazeba lingekuwa dogo, lakini konokono hahesabu hekta. Humtosha mita chache za ukingo wenye majani.

Ukingo upi unafaa?

Hapa mwenye bwawa hukutana na mgongano ambao ni vema aujue kabla ya kuchimba. Ukingo uliolala, wenye maji ya kufika kifundo cha mguu na majani mororo, ni rahisi kwa mtoto kutoka majini, lakini ni shamba la konokono na mazalia ya mbu. Ukingo uliosimama wima hauwapi konokono na mbu mahali pa kukaa, lakini mtoto au mlevi akiteleza hawezi kutoka. Anayefikiria kichocho peke yake atachimba mtego wa kuzamisha watu. Anayefikiria kuzama peke yake atafuga konokono.

Suluhisho ni kuugawa ukingo. Sehemu kubwa ya mzunguko wa bwawa ichongwe iwe na mteremko mkali kiasi cha kufikia kina cha karibu mita 1 upesi, isafishwe majani mara kwa mara, na izungushiwe uzio au wigo mnene ili mtu asiifikie kwa bahati mbaya. Kisha pabaki sehemu moja tu ya kuingilia, yenye mteremko wa taratibu, iliyosakafiwa kwa mawe au zege, isiyo na tope wala majani, na yenye lango linalofungwa. Watu wote wataingia na kutoka hapo, na mwangalizi atakuwa na mahali pamoja pa kutazama.

Mapambo ya majini yafikiriwe vilevile. Wengi hupanda yungiyungi, au huacha gugumaji litande kwa sababu maua yake yanapendeza. Chini ya majani hayo konokono hutaga mayai na viluwiluwi vya mbu hujificha wasiliwe na samaki. Bwawa la watu kuogelea na bwawa la maua havifai kuwa kitu kimoja. Anayesafisha ukingo avae buti za mpira na glavu ndefu, kwa kuwa naye anaingia katika maji yaleyale.

Jambo lililo muhimu kuliko yote ni choo. Mahali panapoalika watu kuogelea pasipo choo panawaalika wajisaidie majini au vichakani. Choo kijengwe upande wa chini wa bwawa na si wa juu yake, umbali usiopungua mita 30 kutoka ukingoni, kiwe na maji na sabuni, na kiwe karibu kiasi ambacho mtoto mdogo atakifikia bila kushindwa njiani. Choo kimoja kinachotumika hukata mzunguko wa kichocho mahali pake pa kwanza, kabla ya konokono kuhusika.

Wengine huuliza kama kulikausha bwawa kunatosha. Kukausha hupunguza konokono, lakini baadhi yao hujifukia katika tope na kuishi wiki nyingi wakisubiri maji. Bata na baadhi ya samaki hula konokono, ila hawawamalizi. Dawa ya kuua konokono huua pia samaki. Haifai kumwagwa na mtu asiye na utaalamu wala idhini. Na asije mtu akaleta samaki au kamba wa kigeni kwa matumaini ya kula konokono: Ziwa Tanganyika lina aina nyingi za samaki wasiopatikana popote pengine duniani, na mafuriko ya siku moja yanaweza kumpeleka mgeni huyo ziwani.

Mbu, na homa nyingine za majini

Mbu wa malaria hawafanani katika kuchagua mazalia. Wapo wanaopenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi juani, kama nyayo za ng'ombe na mashimo yaliyobaki baada ya kuchimba udongo wa tuta. Wapo wanaopenda maji ya kudumu yenye majani kingoni. Bwawa lisilotunzwa huwahudumia wote wawili: mashimo yaliyoachwa pembeni kwa hao wa kwanza, na ukingo wenye majani kwa hao wa pili. Kutoka yai hadi mbu anayeruka, katika joto letu, inaweza kuchukua siku 7 hadi 14. Kwa hiyo usafi wa ukingo unaofanyika mara moja kwa wiki una maana. Unaofanyika mara moja kwa mwezi hauna. Mashimo ya udongo yafukiwe kazi inapokwisha. Perege katika maji yasiyo na majani husaidia kula viluwiluwi. Viuatilifu vya kibaiolojia vya kuua viluwiluwi, vya aina inayotengenezwa na kiwanda cha Kibaha mkoani Pwani, vitumike kwa maelekezo ya afisa afya.

Maji yanayofikiwa na panya na mifugo yanaweza pia kubeba vijidudu vya leptospira, vinavyotoka katika mkojo wa wanyama. Watanzania wengi waliusikia ugonjwa huo mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda, ulipotokea wilayani Ruangwa, mkoani Lindi. Magonjwa ya kuhara nayo huenea pale waogeleaji wanapomeza maji. Mtu anayeharisha asiingie bwawani, na mtoto anayevaa nepi asiingizwe humo.

Kuzama: ajali isiyo na kelele

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021, na watoto walio chini ya miaka 5 ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi. Anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo uko majini na pumzi haitoshi kuita. Ndiyo sababu mtoto huzama mita chache kutoka kwa watu wazima wanaozungumza.

Uzio na lango ni kinga ya kwanza. Mwangalizi ni ya pili: mtu mzima mmoja aliyepewa kazi hiyo kwa jina, asiyekunywa pombe na asiyeshika simu. Panapokuwa na bwawa, pawe na mti mrefu na kamba iliyofungwa dumu tupu lenye kifuniko. Anayezama hurushiwa dumu au kunyoshewa mti. Asiyejua kuokoa asijitose majini, maana mara nyingi tunazika wawili badala ya mmoja.

Aliyetolewa majini akiwa hapumui asining'inizwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo ili maji yatoke. Huko ni kupoteza dakika zilizobaki na kuyarudisha matapishi mapafuni. Alazwe chali, kichwa kiinuliwe kidevu ili njia ya hewa ifunguke, apuliziwe pumzi 2 hadi 5, kisha abonyezwe katikati ya kifua mara 30 kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kurudia pumzi 2 kwa kila mibonyezo 30, hadi apumue au msaada ufike. Hata akizinduka na kuzungumza, apelekwe kituo cha afya, kwa sababu mapafu yaliyoingiwa maji yanaweza kushindwa kazi saa kadhaa baadaye.

Tuta linapokatika

Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani 1. Bwawa lenye urefu wa mita 30, upana wa mita 20 na kina cha wastani cha mita 1.5 lina mita za ujazo 900, yaani tani 900 zinazoegemea tuta la udongo usiku na mchana. Likiwa juu ya mteremko wenye nyumba, bwawa hilo si mali ya mwenyewe peke yake. Ni jambo la kila anayelala chini yake.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa, tuta la bwawa la Patel, lililokuwa katika shamba la mtu binafsi huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilikatika. Maji na matope yalishuka juu ya makazi yaliyokuwa chini, na watu wasiopungua 47 walipoteza maisha, wakiwemo watoto. Bwawa lile lilikuwa kubwa kuliko la starehe tunalolizungumzia, lakini lilijengwa kwa kitu kilekile: udongo.

Tuta la udongo hufa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni maji kupita juu yake. Udongo haustahimili maji yanayotiririka juu yake. Mfereji mdogo huwa pengo kwa muda mfupi. Kinga yake ni njia ya kutolea maji ya ziada, pana ya kutosha, iliyochimbwa katika ardhi ya asili pembeni, si juu ya tuta lenyewe, na isiyozibwa na wavu wa samaki wala takataka. Njia ya pili ni maji kupenya ndani yake na kuondoka na udongo kidogo kidogo, yakifuata mizizi iliyooza, mashimo ya wanyama, vichuguu vya mchwa au bomba lililozikwa vibaya. Kwa hiyo tuta lipandwe nyasi, wala lisipandwe miti. Lijengwe kwa udongo wenye mfinyanzi, tabaka jembamba baada ya tabaka, kila moja likishindiliwa, juu ya msingi uliochimbwa na kuondolewa majani na mizizi.

Dalili za hatari zinaweza kusomwa na mtu yeyote: nyufa juu ya tuta, sehemu iliyotitia, na maji yanayochuruzika upande wa nje. Machuruziko meupe yaangaliwe kila siku. Yakianza kuwa na rangi ya udongo, tuta linaliwa kutoka ndani, na walio chini yake waondoke kwanza, kabla ya mtu yeyote kushika koleo.

Kuhusu sheria, maji ya mito na vijito nchini Tanzania husimamiwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kwa Kigoma, pa kuanzia ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, yenye makao yake mjini humo, kabla ya kuziba kijito chochote. Kibali si karatasi ya kumsumbua mwenye kiwanja. Ni nafasi ya mhandisi kulitazama bonde kabla ya maji kulijaza.

Katika chumba cha daktari

Mgonjwa wa kichocho cha tumbo mara nyingi hafiki na ugonjwa wenye jina. Hufika na maumivu ya tumbo, kuharisha kunakokuja na kuondoka, kinyesi chenye damu, uchovu, au mtoto asiyekua vizuri. Ni rahisi kumpa dawa ya amiba na kumrudisha nyumbani. Aliyeambukizwa karibuni anaweza kufika wiki 2 hadi 8 baada ya kuogelea, akiwa na homa, kikohozi na vipele vya kuwasha, huku kipimo cha haraka cha malaria kikionyesha hana malaria. Aliyekaa na minyoo miaka mingi anaweza kuwa na ini na wengu vilivyovimba, na siku moja akatapika damu. Kwa wanawake, kichocho cha mkojo kinaweza kuathiri via vya uzazi na kudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa. Huwajeruhi mwilini na kuwajeruhi kwa aibu wasiyostahili.

Tunachowaomba wahudumu wa afya ni kuongeza swali moja katika mahojiano: «Mama, mtoto huyu huogelea wapi?» Na kwa mtu mzima: «Ndugu yangu, katika miezi hii umeingia maji gani?» Jibu likiwa ni bwawa, mto au ziwa, pimeni choo kwa hadubini. Ukishukiwa mkojo, sampuli ichukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Choo kimoja kisichoonyesha mayai hakiondoi shaka, pimeni tena. Wanaohitaji uchunguzi wa ini au waliotapika damu wapelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni.

Dawa ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa mara moja, ikimezwa baada ya chakula. Kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya tumbo vinaweza kutokea na hupita. Wajawazito waliovuka miezi mitatu ya kwanza na wanaonyonyesha wanaweza kutibiwa. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa, si michanga. Kwa hiyo aliyeambukizwa karibuni huhitaji kurudia baada ya wiki 6 hadi 12 kwa ushauri wa daktari. Wala haimkingi mtu asiambukizwe tena. Mtoto aliyetibiwa Jumatatu na kurudi katika ukingo uleule Jumamosi ametibiwa nusu. Nusu ya pili ya tiba iko bwawani.

Kwa sababu hiyo, mhudumu anayepata wagonjwa wawili au watatu walioogelea mahali pamoja ana wajibu wa kumjulisha afisa afya wa kata. Aende kwa mwenye bwawa kwa heshima, si kwa kumshitaki, na wapite pamoja wakizunguka maji: hapa pana majani, hapa pana konokono, choo kiko wapi, lango linafungwa, tuta linavuja? Ni mzunguko wa nusu saa. Mwenye bwawa ambaye ukingo wake ni safi, lango lake linafungwa na tuta lake halivuji hana haja ya kuliziba. Anaweza kuwaalika majirani zake kwa moyo mweupe, nao wakarudi nyumbani na afya waliyokuja nayo.